Tangi la mafuta la boti: aluminiamu, stenlesi, chuma au plastiki, na litakalia nini

Ukienda Gerezani, kwa mafundi wa metali wa Dar es Salaam, kuulizia tangi jipya la boti, fundi atakuuliza lita ngapi, halafu atakuuliza unataka aluminiamu au stenlesi. Ukiingia duka la vifaa vya boti, muuzaji atakuonyesha la plastiki na kukuambia hili halishiki kutu, kwa hiyo mjadala umekwisha. Wote wawili wamerukia swali la pili. La kwanza, ambalo ndilo linaloamua tangi litadumu au litatoboka, ni hili: litakalia nini, na maji yakifika pale yatatokea wapi?

Nalitanguliza kwa sababu matangi mengi ya metali yaliyoko chini ya sitaha hayatobolewi na mafuta. Yanaliwa kutoka nje, kwa chini, mahali pleti ilipolala juu ya kitu kinachonyonya maji ya chumvi na kuyashikilia. Chukua matangi mawili ya aluminiamu ya aina moja, unene mmoja na fundi mmoja. Moja limeinuliwa likapata hewa, jingine limelazwa juu ya kipande cha kapeti ili lisipige kelele. La kwanza linaweza kudumu mpaka mwenye boti azeeke. La pili linaweza kuanza kunukisha mafuta kwenye ngama, yaani chini ndani ya boti maji yanakokusanyika, wakati injini bado ni mpya.

Sababu ni tabia ya metali zenyewe. Aluminiamu hujikinga kwa ngozi nyembamba ya oksaidi, inayojirudisha kila inapokwaruzwa mradi kuna oksijeni. Stenlesi nayo ni hivyo hivyo, isipokuwa ngozi yake inatokana na kromiamu. Zibia hewa, weka maji ya chumvi yasiyotembea, na ngozi hiyo inashindwa kujirudisha. Metali inaanza kuliwa kwa vishimo. Kwenye aluminiamu utaona ute mweupe ambao ukikauka unakuwa unga. Ute huo nao hushika maji, na shimo linaendelea kuchimbika chini yake huku upande wa juu wa tangi unang'aa. Ndiyo maana mtu anamulika tochi kutoka juu, anaridhika, kumbe chini pamebaki unene wa karatasi.

Pwani yetu ina mambo yake

Boti nyingi za Msasani, Kunduchi na Kigamboni hazilali gatini. Zinatia nanga karibu na ufukwe, na maji yakipwa zinakaa mchangani. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, bahari ya Dar es Salaam hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa hiyo boti inaweza kukaa pakavu saa kadhaa ikiwa imeegemea ubavu mmoja. Maji ya ngama yaliyokuwa katikati juu ya mkuku (uti wa mgongo wa boti) yanahamia upande huo. Tangi likiwa huko, linaoga mpaka maji yajae tena, na pampu haisaidii kitu kwa sababu imefungwa katikati. Huu mtindo wa kukalisha boti mchangani haumo kwenye vitabu vingi vya maelekezo, ambavyo vimeandikwa kwa boti zinazoelea saa zote, au zinazopandishwa nchi kavu miezi ya baridi zikakauka.

Boti ya uvuvi ina zaidi ya hayo. Barafu inayeyuka, maji yake yanachanganyika na chumvi na damu ya samaki, yanashuka chini ya sitaha. Halafu kuna joto, ambalo huharakisha kuliwa kwa metali yoyote. Kwa hiyo ushauri wa wazungu uchukue, lakini uongeze ukali kidogo.

Povu au hewa

Viwanda vingi vya boti za faiba, hasa Marekani, huweka tangi kwenye shimo chini ya sitaha na kumimina povu la poliyurethani pembeni. Povu linavimba, linalibana tangi, na kazi imekwisha siku hiyo hiyo. Tangi halitikisiki hata boti ikipiga mawimbi ya kusi. Kinadharia ni kinga nzuri: povu likishikana na pleti kila mahali, maji hayana pa kuigusa metali. Kanuni za Marekani zinataka povu la namna hiyo liwe zito kiasi, lisilopungua takriban kilo 32 kwa mita ya ujazo, si lile jepesi la makopo tunalozibia fremu za milango.

Ugumu uko kwenye kushikana huko. Pleti iliyoshikwa kwa mikono yenye mafuta haikamatani na povu. Tangi linapopata joto na kupoa, na boti inapojipinda baharini, unafunguka mwanya mwembamba kama ukucha kati ya povu na metali. Maji yanaingia kwa kunyonywa na hayatoki tena. Hapo povu limegeuka kitambaa kibichi kilichofungwa juu ya kidonda, na hakuna tundu la kuchungulia. Kulitoa tangi hilo ni kukata sitaha na kulichonga povu kwa msumeno na patasi.

Upande wa pili ni tangi lililoinuliwa juu ya vipande vyembamba, na hewa ikapita chini na pembeni. Kazi hii inahitaji vipimo na subira zaidi, maana tangi lazima lizuiwe lisitembee mbele, nyuma, pembeni wala juu. Lakini maji yakiingia yanatoka, yakibaki yanakauka, na mwenye boti anaweza kupitisha kioo kidogo na tochi akaona chini. Kwa Dar, kati ya hizi mbili, mimi sina kigugumizi: hewa. Povu ningeliacha kabisa, na hata kwa matangi ya plastiki sioni linakosaidia.

Vipande vyenyewe: mbao, tairi, plastiki au faiba

Hapa ndipo kazi nzuri huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mbao ndiyo inayoshikwa kwanza, kwa kuwa ipo na mafundi wa mashua wanaiamini. Mbao tupu inanyonya maji na kuyatunza dhidi ya pleti. Mbao iliyotiwa dawa ni mbaya kuliko tupu: ile dawa ya rangi ya kijani kwenye mbao za kuezekea mara nyingi ina chumvi za shaba, na shaba ikikutana na aluminiamu kwenye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Kuna watu wameweka pleti nzuri ya baharini juu ya mbao za namna hiyo kwa kuamini dawa inazuia kuoza. Inazuia mbao isioze, hilo ni kweli. Mvule au mninga unaweza kubaki kama boriti ya kubebea uzito, lakini uufunike wote kwa epoksi, na usiache metali iuguse.

Tairi la gari lililokatwa vipande linapendwa kwa sababu ni bure, halichakai na linapunguza mtikisiko. Kwa tangi la plastiki sina ugomvi nalo. Kwa aluminiamu nina ugomvi. Mpira wa tairi ni mweusi kwa sababu umejaa kaboni, na una salfa pia. Kaboni kwenye maji ya chumvi ni jirani mbaya wa aluminiamu kama ilivyo shaba. Tena tairi lina mikunjo na mistari, na kila mstari ni kidimbwi.

Plastiki ngumu, ile polietilini nyeupe ya mbao za kukatia nyama buchani, haina kaboni hiyo wala hainyonyi maji. Inapatikana, inakatika kwa msumeno wa kawaida. Udhaifu wake ni kwamba gundi haiikamati. Ukiipaka gundi ukaibandika chini ya tangi, baada ya muda inaachia, na kati ya plastiki na pleti unabaki mwanya uleule tuliokuwa tunaukimbia.

Chaguo langu ni vipande vya faiba. Fundi wako wa faiba anaweza kumwaga ubao mdogo wa matabaka ya kitambaa na resini, unene wa milimita 6 hadi 10, kisha mkaukata vipande vya upana wa sentimita 4 au 5. Paka resini kwenye kingo zote ulizokata, la sivyo nyuzi zitanyonya maji. Kwaruza pleti kwa msasa mahali kipande kitakapokaa, futa kwa kiyeyushi safi, bandika kwa gundi ya poliyurethani ya aina ya Sikaflex, na ubonyeze mpaka gundi itoke pande zote. Gundi iliyotoka isawazishe kwa kidole iwe mteremko, maji yasipate pembe ya kusimama. Lengo ni kusiwe na hata tone linaloweza kuingia kati ya kipande na tangi.

Na isiwe silikoni. Silikoni ya kawaida inayonuka siki inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inaishambulia metali uliyokuja kuilinda.

Vipande vielekezwe maji yanakoteremkia, yaani kuelekea katikati ya boti kwenye pampu. Ukivipanga kukinga mteremko umejenga matuta ya mpunga chini ya tangi. Nafasi ya kipande hadi kipande inategemea unene wa pleti. Kwa pleti ya milimita 4 au 5, sentimita 25 hadi 30 hazitampa fundi makini shida, na kila kipande kikae chini ya ukuta wa ndani wa tangi inapowezekana.

Njia nyingine ni kulitundika tangi kwa masikio, yaani vipande vya aluminiamu ileile vilivyochomelewa ubavuni na kufungwa kwa bolti kwenye mbavu za boti au kuta za kugawa vyumba. Chini hapaguswi na kitu chochote. Kwa upande wa kutu hakuna kinachoishinda njia hii. Kwa upande wa nguvu kuna maswali: lita 200 za dizeli zina uzito wa kilo 170 hivi, na boti inapodondoka kutoka juu ya wimbi uzito huo unajizidisha. Sikio lililochomelewa moja kwa moja kwenye pleti nyembamba litapasuka pembezoni mwa mchomeleo, hivyo liwekewe kwanza kiraka cha pleti chenye kona za mviringo. Ningetumia masikio kwa tangi la lita 100 kushuka chini. Juu ya hapo, vipande vya faiba vibebe uzito na masikio yazuie tu tangi lisihame.

Kapeti, blanketi, sponji: hapana.

Sasa metali

Aluminiamu ni neno la familia nzima, na ndugu hawafanani. Ile inayojulikana kwa bahari ni ya namba zinazoanza na 5: 5052, 5083, 5086, ambazo zimechanganywa na magnesiamu na hazina shaba ya kuzungumzia. Zile za 6061 na 6063, ambayo ndiyo ya fremu za madirisha, ni nzuri kwa kazi zake lakini 6061 ina shaba kidogo ndani yake na inapoteza nguvu nyingi pale inapochomelewa. Mafundi wa madirisha wapo kila mtaa wa Dar na wengi wana mikono mizuri. Tatizo ni pleti, si mkono. Dai kuiona namba iliyopigwa chapa juu ya pleti kabla haijakatwa. Kama hakuna namba, usikubali kuambiwa "hii ni ya meli". Ichomelewe kwa gesi ya agoni na waya wa 5356, unene usipungue milimita 4, na afadhali 5 upande wa chini. Unene haugharimu sana ukilinganisha na kufumua sitaha.

Watu huuliza kama ipakwe rangi. Rangi ya epoksi juu ya praima yake halisi, kwenye pleti iliyosuguliwa vizuri, inasaidia. Rangi ya kawaida ya dukani iliyopakwa juu ya pleti laini itavimba malengelenge, na kila lengelenge litafuga maji. Kama huna hakika na kazi ya rangi, iache aluminiamu tupu kwenye hewa. Inajua kujitunza.

Stenlesi ndiyo inayovutia macho, na ndiyo ninayoigopa zaidi chini ya sitaha. Kwanza kuna 304 na 316. Hii ya pili ina molibdenamu asilimia 2 hadi 3, ambayo inaisaidia dhidi ya chumvi. Sumaku haitakutofautishia hizo mbili, hivyo unategemea uaminifu wa muuzaji. Tangi la kuchomelewa liwe la 316L, yenye kaboni kidogo, ili pembeni mwa mchomeleo pasidhoofike. Lakini hata 316L ikinyimwa hewa kwenye maji ya chumvi, pembeni mwa mchomeleo au chini ya mkanda wa kuifungia, inaliwa kwa kitobo chembamba kama cha sindano kinachopita pleti nzima, huku sentimita moja pembeni inang'aa kama sufuria ya harusi. Na kwa kuwa ni ghali, mafundi huifanya nyembamba, milimita 1.5 au 2, jambo linalofupisha safari ya kitobo. Stenlesi ina pahali pake: tangi dogo lililo wazi ndani ya chumba cha injini, unaloweza kulipangusa na kulizunguka kwa mkono kila wiki.

Chuma cha kawaida kinadharauliwa kupita kiasi. Kwa mashua ya mbao yenye injini ya dizeli inayokwenda Mafia au Kilwa, kina sifa ambayo aluminiamu haina: kikipasuka njiani, atapatikana mtu wa kukichomelea karibu kila mji wa pwani. Ndani, dizeli yenyewe inakilinda kwa mafuta yake, isipokuwa pale chini maji yanapotulia. Nje kinahitaji epoksi ya kweli na ukaguzi, na kutu yake haina siri, ni nyekundu na inaonekana mapema. Uzito ndio gharama: unene ukiwa mmoja, chuma kina uzito karibu mara tatu wa aluminiamu. Bati lililopakwa zinki usiliwekee dizeli, kwa sababu dizeli na zinki hutengeneza uchafu wa kama sabuni unaoziba filta. Kwa petroli sikipendekezi chuma kabisa.

Plastiki ya polietilini kweli haishiki kutu, muuzaji hakudanganya. Alichokiacha ni kwamba sheria za kuikalisha ni kinyume cha za metali. Tangi la metali linataka vipande vichache na hewa nyingi. La plastiki linataka kukalia sakafu nzima iliyo bapa, maana likibebwa kwenye vipande vyembamba linalegea katikati na hatimaye kuchoka. Petroli pia hulivimbisha, kwa takriban asilimia 2, kwa hiyo linaachiwa nafasi kila upande na mikanda isikazwe kama ya kufungia mzigo wa lori. Na mvuke wa petroli unapenya plastiki polepole, hivyo chumba chake kiwe na hewa ya kuingia na kutoka. Nunua lililotengenezwa kwa mafuta ya boti lenye alama ya ISO 21487. Matangi ya plastiki ya petroli ya viwango hivyo hupimwa kwa moto dakika mbili na nusu. Tangi la maji lililogeuzwa la mafuta halikupimwa kwa lolote.

Umbo ndilo linaloikwamisha plastiki. Linakuja kwa vipimo vya kiwandani, na boti zetu nyingi zimejengwa kwa jicho la fundi. Ukikosa linaloingia, unapoteza lita nyingi pembeni.

Matangi ya faiba nayo yapo, na kwa dizeli yanafanya kazi. Kwa petroli kuwa mwangalifu: Marekani, katikati ya miaka ya 2000, petroli yenye ethanoli ilipoenea, resini ya matangi ya zamani ya faiba ilianza kuyeyuka na kuharibu injini.

Vitu vidogo vinavyomaliza tangi zuri

Viunganishi vya shaba ya njano vikifungwa moja kwa moja kwenye aluminiamu vinaila pale pale kwenye hesi. Kati yao weka kiunganishi cha stenlesi, ambacho kwa uzoefu wa miaka mingi wa watengenezaji hakisumbui sana kama shaba, na paka dawa ya kuzibia isiyopitisha maji. Mkanda wa stenlesi unaopita juu ya tangi uvalishwe mpira wa plastiki laini au ukanda wa plastiki.

Juu ya tangi pasiwe bapa wala pasiwe na bonde. Kanuni za Marekani zinataka maji yateremke yenyewe kutoka juu ya tangi la metali boti ikiwa imetulia majini. Kwa boti inayolala mchangani ningetaka mteremko mkali zaidi ya huo, maana kilichoteremka majini huenda kikasimama boti ikiinama.

Waya wa kuunganisha tangi na mdomo wa kujazia hadi hasi ya betri ni wa lazima kwa petroli, kwa ajili ya umeme tuli wakati wa kujaza. Uwe mmoja tu, ufungwe kwenye sikio dogo lililochomelewa juu ya tangi, mahali pakavu. Waya wa pampu ya ngama uliochubuka ukalala majini karibu na tangi unaweza kuitoboa aluminiamu kwa haraka isiyoaminika, na hapo hakuna aina ya pleti itakayokuokoa.

Maji ya ndani ya tangi huingia zaidi kupitia kifuniko cha sitahani ambacho mpira wake umekufa, na kupitia madumu tunayobebea mafuta kutoka sheli hadi ufukweni. Wakati wa masika badilisha mpira huo kabla hujaambiwa. Kwenye dizeli maji hayo hukaa chini na kufuga vijidudu vinavyotoa asidi, na tangi linaliwa kutoka ndani. Tangi la dizeli liwe na kidimbwi kidogo upande wa chini kabisa chenye valvu ya kutolea maji. La petroli lisiwe na tundu lolote chini. Kila kitu kitoke juu.

Nani achukue lipi

Boti ya faiba ya kupeleka wageni visiwa vya Mbudya na Bongoyo, mashine ya nje, petroli: tafuta la plastiki linaloingia, hata ukipoteza lita 20. Likikosekana kabisa, aluminiamu ya 5052 au 5083 juu ya vipande vya faiba.

Boti yenye injini ya dizeli ya ndani, lita 150 kwenda juu: aluminiamu ya 5083, imeinuliwa, hewa pande zote angalau sentimita mbili, na kifuniko cha sitaha kinachofunguka kwa bolti ili tangi litoke bila msumeno. Hicho kifuniko wengi hukipinga kwa sababu ya umbo la sitaha. Wanakubali wanapolitoa tangi la kwanza.

Mashua ya mbao ya masafa: chuma cha milimita 4, kilichopakwa vizuri, kikiwa mahali unapokiona.

Boti ndogo ya uvuvi ya Feri, kwenye soko la samaki la Dar, inayotumia tangi la kubeba mkononi haina haja ya haya yote. Kama ni la chuma, likalie kreti la plastiki badala ya sakafu yenye maji, na lishushwe boti inapolala.

Lolote utakalochagua, tangi lipimwe kabla ya kuingia kwenye boti, na lipimwe tena likiwa limeshafungwa na mipira yake yote. Presha ya baa 0.2 inatosha. Usitumie kompresa ya tairi moja kwa moja, italivimbisha tangi kabla hujaachia kidole. Ziba matundu yote, unganisha mpira mwembamba unaoonekana ndani kwenye tundu la hewa, uinue kwenda juu, na jaza tangi maji mpaka yapande mita mbili juu ya tangi ndani ya mpira huo. Hiyo ndiyo baa 0.2, bila geji. Acha usiku kucha. Maji yakishuka kwenye mpira, tafuta mchomeleo unaotoa jasho. Likiwa limeshafungwa kwenye boti hulijazi maji tena. Hapo tumia pampu ya baiskeli, polepole, mpira uleule ukiwa umeunganishwa kwenye tundu jingine na kukunjwa umbo la U lenye maji, mpaka upande mmoja uzidi mwingine kwa mita mbili, na pakaa maji ya sabuni kwenye kila kiunganishi. Na tangi la zamani lililokuwa na petroli usimpe fundi alichomelee, hata kama limekaa wazi mwezi mzima. Mvuke unabaki kwenye pembe na kwenye kutu, na unalipuka.